Mpita njia hafichi kasha bila mwenyeji

Januari iliyopita niliishi wiki tatu ndani ya gari. Sikuwa nimekwama njiani, kama tunavyokwama sisi wa mpakani foleni inapogoma kusogea. Gari lenyewe ndilo nyumba: lina kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu la kusimama mtu mmoja, na juu ya paa limefungwa mabamba ya sola. Wenyewe ni mdogo wangu, tumbo moja, na mume wake Mmarekani. Mdogo wangu aliuguza watu katika hospitali za huko hadi akastaafu. Watoto walipokua na kuondoka, wakauza nyumba, wakagawa vyombo, wakanunua gari hilo. Huu ni mwaka wa nne hawana mlango unaokaa mahali pamoja.

Nyumbani Arusha habari hiyo tuliipokea kama tanzia. Mama mdogo aliuliza wamefilisika lini. Mjomba akasema ndiyo maana hakutaka mtoto aende mbali. Mimi nilijifanya naelewa, kwa kuwa nimemaliza zaidi ya miaka ishirini barabarani nikipeleka vitunguu Kenya, lakini ukweli ni kwamba nilikwenda kuhakikisha kwa macho yangu kama mdogo wangu anakula.

Anakula. Tena ana marafiki kuliko alipokuwa na nyumba. Magari yao husafiri manne kwa pamoja: lao, la mke na mume waliotoka Minnesota, la mwalimu mjane, na la dereva wa malori mstaafu ambaye hakuweza kuacha usukani hata baada ya kupewa kiinua mgongo. Kila asubuhi, chai ikishanywewa, wazee hawa wa miaka sitini na sabini hutoka na simu mkononi kwenda kutafuta makasha yaliyofichwa porini na watu wasiowajua.

Najua msomaji wa gazeti hili ana mzigo wa kuvusha na hana muda wa kusoma michezo ya wastaafu. Nivumilie. Mchezo huo una sharti moja ambalo limenifanya niangalie upya biashara yetu ya Namanga, na nitalifikia.

Mchezo unaitwa jiokashingi. Kwa bahati njema, kile kinachotafutwa wao wanakiita kwa neno linalosikika karibu sawa na kasha letu, kwa hiyo mimi na mdogo wangu tuliita kasha na tukaelewana na wote. Ulianza Mei 2000. Kabla ya hapo, mawimbi ya setilaiti za Marekani yanayoonyesha mahali yalikuwa yakipotoshwa kwa makusudi kwa raia, ukaweza kukosea hata mita 100. Jeshi peke yake ndilo lililopata sahihi. Rais Bill Clinton akaamuru upotoshaji huo uondolewe. Siku moja tu baada ya amri kuanza kutumika, tarehe 3 Mei, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi katika msitu karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akawatangazia watumiaji wenzake wa vifaa hivyo namba za mahali ilipo. Ndani aliweka vitabu, programu za kompyuta, manati, kopo la maharage, na daftari na penseli. Masharti yake yalikuwa mafupi: chukua kitu, acha kitu, andika jina. Haikupita siku tatu watu wawili walikuwa wameshaiona.

Leo makasha yamepita milioni 3, yametawanyika katika nchi zaidi ya 190. Maharage hayaruhusiwi tena, wala chakula chochote, kwa sababu wanyama hunusa na kuvunja. Lakini masharti mengine ni yale yale, na moja limeongezwa makali: unachoacha kiwe na thamani sawa na ulichochukua, au zaidi.

Kasha langu la kwanza lilikuwa jangwani, nje kidogo ya mji wa Quartzsite katika jimbo la Arizona. Ni mji mdogo wenye wakazi elfu chache, lakini majira ya baridi magari-nyumba humiminika kutoka kaskazini yakikimbia theluji, hadi jangwa lote linang'aa usiku kama mnada wa kijijini. Serikali kuu imetenga maeneo ya ardhi yake hapo. Nilipokuwa huko, kibali cha kukaa kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili kilikuwa dola 180. Hupewi maji ya bomba wala umeme mlangoni. Unapewa ardhi na jirani.

Tulitembea nyuma ya mshale wa simu, mita 200, mita 80, mita 9. Pale simu haina msaada tena, unabaki na macho yako. Mwalimu mjane akaniambia kwa ishara nitazame mawe yaliyopangwa vizuri kupita kiasi. Kabla sijaingiza mkono, shemeji akanipa fimbo. Nyoka wa huko wana njuga mkiani, na ingawa baridi huwalaza, hakuna anayeingiza mkono tundu asilolijua. Sikuumwa na nyoka, ila dungusi mmoja alinishika mguu na miiba yake ikatolewa kwa chanuo la nywele, jambo lililowafurahisha wenzangu kuliko lilivyonifurahisha mimi.

Lilikuwa sanduku la chuma, la aina ambayo jeshi hutumia kuwekea risasi. Ndani mlikuwa na kigari cha plastiki, sarafu ya kigeni, pete ya ufunguo, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Nikasoma majina. Watu walikuwa wameandika tarehe, jina la mchezo, na neno moja la shukrani. Wa zamani kabisa alikuwa na miaka kumi na tano mle. Miaka kumi na tano sanduku limekaa porini bila kufuli, na kila aliyelifungua amelirudisha chini ya mawe yale yale.

Nikavua bangili ya shanga niliyonunua Namanga, nikaiweka, nikachukua kigari. Halafu damu ya biashara ikapanda. Nikamwambia mdogo wangu kwamba shanga zile ni shilingi elfu tano na kigari hakifiki mia tano.

"Dada," akasema, "hapa hupati faida. Andika jina tufunge."

Sikuandika mara moja. Nilikuwa nafikiria daftari jingine, la jalada jekundu, lililoko upande wa Kenya wa Namanga. Mwenye daftari hilo ni rafiki yangu. Kwa miaka kumi na sita vitunguu vyangu kutoka Mang'ola vikivuka na soko la Nairobi likiwa limelala, magunia yamekuwa yakishuka kwenye stoo yake. Anaandika idadi, tarehe, na kama ni lumbesa au gunia la kawaida. Mimi natia saini nikiwepo. Nisipokuwepo anatia yeye kwa niaba yangu. Hatujawahi kuandikiana mkataba kwa wakili. Siku bei ilipoporomoka na nikashindwa kumlipa kodi ya stoo msimu mzima, aliandika deni, akageuza ukurasa. Na yeye akihitaji kuchagua vitunguu mwenyewe, anavuka kuja kwangu. Nampeleka Karatu, analala kwangu, tunashuka Mang'ola pamoja, anakagua shamba, anaongea na mkulima, ananunua. Mimi ni mwenyeji wake huku, yeye ni mwenyeji wangu kule.

Nirudi jangwani kwanza.

Katika kasha la pili tulikuta kibati kidogo chenye namba, kama kile askari wanachovaa shingoni. Hicho hakibadilishwi kwa kitu. Mwenyewe amekisajili, ameandika anataka kifike wapi, na kila anayekiokota anakisogeza hadi kasha jingine na kutoa taarifa kwa namba ile. Hiki kilitaka kufika bahari ya Pasifiki. Dereva mstaafu alikichukua kwa heshima, akakitia mfuko wa shati akakifunga kwa kifungo, akasema huo ndio mzigo pekee anaobeba siku hizi. Nilicheka, lakini mfanyabiashara gani wa kwetu asiyeujua mzigo huo? Bahasha unampa konda wa basi Arusha, unampigia simu mtu Nairobi, unamwambia basi lina rangi gani na konda amevaa nini. Tofauti ni kwamba konda unampa chochote. Vibati vingine hupotea njiani, nilielezwa, kama bahasha zinavyopotea. Hakuna aliyefunga mchezo kwa sababu hiyo.

Kitu kingine kilichonishangaza ni mipaka yao. Mdogo wangu ameshapita majimbo 31 na nyumba yake yote mgongoni, vitunguu vyake, gesi yake, kitanda chake. Namba ya gari ni ya South Dakota, jimbo ambalo hana hata mita moja ya ardhi. Watu wa magari-nyumba hulipenda kwa sababu limewakubali: unakuwa na anwani ya sanduku la barua, unaonyesha risiti ya usiku mmoja uliolala kambini au hotelini humo, unapata leseni ya udereva. Leseni hiyo na namba hiyo zinatosha kuanzia bahari moja hadi nyingine. Mahali pekee alipoulizwa kuhusu mzigo ni kuingia California. Mbele kidogo ya mto Colorado, karibu na Blythe, kuna kituo barabarani ambapo mkaguzi anakuuliza kama una matunda, wasije wadudu wakaingia katika mashamba yao. Tulipokaribia hapo, mdogo wangu alisimamisha gari kando tukala machungwa saba kwa haraka ili yasitupwe. Nikajisikia niko nyumbani kabisa.

Sitaki msomaji adhani nimerudi na sifa tu. Mimi ndiye niliyetolewa pasipoti mara mbili barabarani wakati wenzangu wamekaa viti vya jirani na hawakuulizwa jina. Na si kila anayeishi garini ameacha nyumba kwa hiari. Nyuma ya safu yetu kulikuwa na watu wanaolala kwenye magari madogo, viti vimelazwa, madirisha yamezibwa kwa boksi. Wengine kodi ya nyumba iliwashinda. Wengine huzunguka wakitafuta vibarua vya msimu, kuvuna viazisukari kule Dakota Kaskazini na Minnesota, kufungasha bidhaa maghalani kabla ya Krismasi. Mume na mke wa Minnesota, hawa hawa wa kundi letu, walipoteza nyumba wakati benki zilipoanguka mwaka 2008. Waliniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyotaja mwaka wa ukame.

Tena wazee hawa ni wavukaji mpaka kama sisi. Kutoka Yuma, mji ulio kusini zaidi, kundi zima liliegesha magari upande wa Marekani likavuka kwa miguu hadi Los Algodones nchini Meksiko. Kijiji hicho kimejaa madaktari wa meno, maduka ya miwani na ya dawa, mlango kwa mlango. Meno yanayowashinda bei nyumbani wanayatengeneza kule. Dereva mstaafu ana daktari wake wa miaka tisa. Alimkumbatia barabarani, akamuulizia mama yake kwa Kihispania cha kuokoteza. Mimi nilibaki upande wa Marekani kwa sababu viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta nikawatazama wakirudi na mifuko ya dawa. Ungenipa kikapu cha nyanya ningedhani niko Namanga siku ya soko.

Sasa nifikie lile sharti.

Siku nne kabla ya kuondoka niliwaambia nataka kuficha kasha langu mwenyewe. Nilishapanga kila kitu. Nilinunua kopo gumu lisilopitisha maji, nikaweka shanga, senti za zamani za Tanzania, kipande cha kitenge, na daftari lenye maelezo ya Kiswahili na Kiingereza. Nilitaka niliache jangwani kwa jina la mama yetu. Nilidhani wataruka kwa furaha. Walinyamaza, wakatazamana.

Kumbe huwezi. Kila kasha kabla ya kutangazwa hupitiwa na mkaguzi wa kujitolea, na moja ya maswali yake ni hili: nani atalitunza? Mvua ikiingia, nani atabadilisha daftari? Mawe yakiporomoka, nani atakwenda kuyapanga? Mtu aliye safarini, mwenye kuondoka kesho, kasha lake halikubaliwi. Mdogo wangu ameona makasha zaidi ya elfu mbili. Aliyoficha mwenyewe ni moja. Wote wa kundi lile, watu wanaoishi kwa makasha ya wengine, jumla yao wameficha matatu. Nikawauliza kama hilo haliwakeri, kuchukua tu mwaka hadi mwaka. Mwalimu mjane akasema linawakera sana, na ndiyo maana kila wanapopita hubeba daftari jipya na penseli, wakikuta la mtu limelowa wanambadilishia.

Mlango upo, lakini ni mmoja. Mgeni anaweza kuficha kasha akiwa na mwenyeji: mkazi wa hapo anayekubali, jina lake likajulikana kwa mkaguzi, kwamba yeye ndiye atakayelitunza. Kundi letu lilikuwa na mtu kama huyo, mzee wa Yuma ambaye zamani alisafiri nao, magoti yakamshinda, akanunua kijumba akatulia. Tukampigia simu. Akataka kujua kasha litakuwa kubwa kiasi gani, na kama ndani hakuna chakula. Akakubali. Tulilificha kilomita mbili kutoka kwake, chini ya daraja dogo la miguu, kwa idhini ya wenye eneo. Siku ya tatu mkaguzi alilipitisha.

Ndani ya ndege nikirudi nilikuwa nawaza mzee yule. Hakuna aliyemshuku. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kumtunzia mwanamke wa Arusha kopo lake amewaibia Wamarekani nafasi ya kuficha makopo. Mchezo umeona kwamba mgeni bila mwenyeji huacha takataka, na mgeni mwenye mwenyeji huacha kitu kinachotunzwa. Kwa hiyo haukumfukuza mwenyeji. Ulimpa jina na kazi.

Sisi tumefanya kinyume. Julai 2025 serikali yetu ya Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ndani yake mna uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa pesa kwa simu, ufundi simu, saluni, uongozaji watalii, udalali, na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni atakayekutwa ana faini yake na kifungo chake. Lakini kuna kifungu ambacho wengi walikisoma haraka: raia atakayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana faini ya shilingi milioni 5 na hata jela ya miezi mitatu.

Chimbuko la amri hiyo nalijua na silidharau. Wafanyabiashara wa Kariakoo walilia kwa muda mrefu kwamba watu wanatoka mbali na mitaji mikubwa, wanakuja kuuza soksi na vijiko rejareja, wanashindana na kijana anayetembeza bidhaa begani. Kwenye mazao nako wapo walanguzi wanaofika shambani kabla ya mvua kukatika, wanamlipa mkulima bei ya njaa, na mbele yao ametangulizwa Mtanzania aliyekodishwa jina. Huyo aliyekodisha jina simtetei. Ningekuwa na uwezo ningemfunga mimi mwenyewe.

Ila amri haikuweka mstari kati yake na mimi. Rafiki yangu wa Namanga akishuka Mang'ola kukagua vitunguu, yeye ni mgeni anayenunua mazao shambani. Mimi ninayempeleka, kumpikia na kumtambulisha kwa mkulima, ninamsaidia. Hakimu akitaka kusoma hivyo, maneno yapo. Ujirani wa miaka kumi na sita umekuwa kosa lenye bei, na bei yake ni milioni 5, ambayo kwa mtaji wangu ni misimu miwili.

Watu wataniambia suluhisho ni rahisi: mletee vitunguu mpakani, auziwe pale. Nimefanya hivyo tangu Agosti ile. Matokeo yake, ananunua asichokiona kikichimbwa. Akikuta viovu katikati ya gunia anakata bei kwa mzigo mzima, na ana haki. Mkulima naye amepoteza mnunuzi aliyekuwa akimlipa mbele ya macho yake, sasa anapokea bei ninayomwambia mimi. Nitasema jambo lisilonipendeza: tangu amri hiyo mimi ninapata faida kubwa zaidi kidogo kwa gunia, kwa sababu mkulima hana wa kunilinganisha naye. Kama hilo ndilo lililokusudiwa, basi limefanikiwa. Sidhani ndilo.

Na wapo ambao hawatapeleka mpakani. Watakwenda usiku kwa njia za panya, kwa pikipiki, gunia mbilimbili. Wenye njia hizo hawana daftari.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na katika miaka hii tumeona mambo. Vituo vya pamoja vya forodha vimejengwa. Wa Namanga tulizinduliwa chetu Desemba 2018, marais wawili wakiwa wamesimama mahali ambapo zamani tulisimama sisi na mvua. Mzigo usiozidi dola 2,000 unapata cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale dirishani. Hayo yote ni ya mzigo. Mtu anayeupokea mzigo upande wa pili, anayeulaza, anayemwambia dereva ageuzie wapi, hayumo katika karatasi yoyote. Alikuwa hayumo kwa kusahauliwa, sasa upande wetu ameingia kama mtuhumiwa.

Ninachopendekeza ni kidogo. Dirisha lile lile linalotoa cheti cha dola 2,000 lipewe daftari la wenyeji. Mfanyabiashara mdogo wa nchi ya jumuiya anayetaka kwenda kununua shambani aandikwe, na pembeni ya jina lake aandikwe mwenyeji wake raia, kijiji anachompeleka, zao, na idadi ya magunia. Mwenyeji atie saini. Ofisi ya kijiji ipate nakala, ili mtendaji ajue nani kaingia na nani kamleta. Aliyeandikwa humo asihesabiwe kuwa amesaidia kosa. Asiyeandikwa, sheria imshike kama ilivyo.

Najua swali linalokuja. Waliokodisha majina hawatakodisha na saini? Watakodisha wengine. Hata kwenye mchezo wa makasha wapo wanaoandika mwenyeji wa uongo. Anakubali kwa simu, haendi kutazama, kasha linaoza. Lakini taarifa zinapoanza kuingia kwamba daftari limelowa na hakuna anayeitikia, mkaguzi huliondoa kwenye orodha, na jina la mwenyeji yule linakumbukwa siku nyingine akijitolea. Mwenyeji wetu akikutwa ametia saini kwa wageni kumi katika mwezi mmoja na hajui shamba la hata mmoja, hapo sasa tumtoze milioni 5 na nitapiga makofi. Leo hatuwezi kumjua, kwa sababu tumewaambia wenyeji wote wajifiche pamoja naye.

Nilimsimulia rafiki yangu haya yote nilipovuka kumpelekea zawadi, miwani ya jua kutoka Yuma. Tulikaa kwenye stoo yake juu ya magunia matupu. Alitaka zaidi kujua kuhusu choo cha ndani ya gari, kinamwagwa wapi. Nilipofika kwenye mkaguzi na mzee wa daraja dogo, alinyamaza, akavuta lile daftari jekundu, akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Ulikuwa wa Julai ile. Baada yake ni karatasi nyeupe tupu, kwa kuwa siku hizi tunauziana na kumalizana palepale, kila mtu na risiti yake.

Wiki iliyopita mdogo wangu amenitumia picha kutoka Yuma. Kasha limepata majina kumi na moja. Mmoja amechukua senti ya Tanzania akaacha jiwe la rangi ya zambarau lililong'arishwa. Mzee ameshakwenda mara mbili kukausha kifuniko.

Na juzi rafiki yangu amepiga simu. Amesikia Mang'ola wameanza kung'oa, na mwaka huu vitunguu ni vikubwa. Ameniuliza kama aje. Sijamjibu.